Miaka Minane Aliyonipunguzia

Gari lilipokata kona tulikuwa bado tunapunga mikono. Mkono wangu mmoja hewani, mwingine kiunoni mwa mume wangu, na wa kwake begani kwangu. Tumetabasamu mpaka mashavu yanauma. Angepita mpiga picha dakika ile angetuweka kwenye kalenda ya mwaka mpya. Gari likapotea. Nadhani alihesabu mpaka tatu, maana na mimi nilihesabu. Akaondoa mkono wake begani, nikaondoa wangu kiunoni.

"Haya," akasema.

"Haya," nikajibu.

Tukaingia ndani kuikabili nyumba.

Jamani, nyumba! Siku tisa za wageni, mama mkwe na mawifi wawili na watoto watano, halafu waondoke asubuhi moja wakuachie kila kitu jinsi kilivyolala. Magodoro sakafuni sebuleni. Nta ya mishumaa imegandia mezani. Mti wa Krismasi umeegemea ukuta kama mlevi, nusu ya mapambo yake yako chini ya kochi. Kwenye mlango wa friji mtoto mmoja alikuwa amebandika vibandiko vya nyota, si kimoja wala viwili. Na ile karatasi ya kumetameta iliyokatwakatwa, nani aliwapa watoto mkasi? Ilikuwa mpaka kwenye sukari.

Lakini si huo uchafu ulionikaa rohoni. Uchafu naumudu. Mimi ni mtunza stoo ya mashuka katika hospitali, mwaka wa kumi na tano huu, na hakuna fujo ya nguo na vitambaa ambayo sijawahi kuipanga. Kilichonikaa rohoni ni kwamba siku hiyo, tarehe mbili Januari, tulikuwa tumekubaliana kwamba kila kitu kitarudi mahali pake. Na mume wangu alikuwa mojawapo ya vitu hivyo. Mahali pake palikuwa chumba cha nyuma.

Ngoja nieleze, nisije nikaonekana mwanamke mkorofi bure.

Mume wangu ni seremala. Mtaa mzima unamwita Fundi, na mimi namwita hivyo hivyo. Ana miaka thelathini na mitatu, mabega mapana, sauti ya chini, na namna ya kukuangalia ukiwa unaongea inayokufanya usahau ulichotaka kusema. Mimi nina arobaini na miwili. Aliponifuata nilimwambia siku ya kwanza kabisa: "Kijana, nimekuzidi miaka tisa." Akacheka, akasema yeye anapima mbao, hapimi watu. Nikampenda hapo hapo, mjinga mimi. Tukaoana kwa hakimu. Mama yake alikuwa amevunjika mguu, hakuweza kusafiri, kwa hiyo kwa miaka miwili tumekuwa tukisalimiana kwa simu tu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Basi.

Mwezi wa tisa, siku moja nikarudi mapema kutoka kazini. Nikamkuta Fundi uani, simu sikioni, mgongo umenielekea. Nikamsikia kwa masikio yangu haya mawili: "Hapana mama, si mtu mzima hivyo. Ana thelathini na nne. Amenizidi mwaka mmoja tu."

Miaka minane. Kanipunguzia miaka minane bila hata kuniuliza, anavyopunguza ubao uliozidi mlangoni.

Angesema nina kasoro nyingine yoyote ningegombana, tungenuniana siku mbili, yangekwisha. Lakini ile miaka minane ndiyo niliyomzika baba yangu. Ndiyo niliyosoma usiku na kufanya kazi mchana. Ndiyo iliyonifanya niwe mwanamke aliyemwona akampenda, au hivyo ndivyo nilivyodhani. Jioni ile nikabeba nguo zake zote nikazipeleka chumba cha nyuma, kwenye kitanda kidogo. Sikupiga kelele. Nilimwambia tu, "Ukimwambia mama yako ukweli, rudi." Hakusema. Hakurudi. Miezi mitatu ikapita hivyo, tunapishana koridoni na kuombana radhi kama wapangaji.

Kisha Mwalimu akapiga simu kwamba mguu umepona na Krismasi anakuja.

Mwalimu ndiye mama mkwe wangu. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na sita, na hata wanawe wa kuwazaa humwita Mwalimu. Fundi alikaa darasani kwake miaka miwili, na nakuambia, mpaka leo akiongea naye kwa simu husimama wima.

"Siku tisa tu," Fundi akaniomba, amekaa ukingoni mwa kitanda changu kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa. "Tisa tu. Nitamwambia nikipata nafasi. Akiwa hapa, akikuona ulivyo, nitapata nafasi."

Nikamwangalia. Nikaona yale macho. Nikakubali, na mpaka leo sijajisamehe.

Unajua kumficha mtu wa miaka arobaini na miwili ndani ya nyumba yake mwenyewe kunataka nini? Nilishusha cheti changu cha chuo ukutani, kina mwaka. Nilificha picha ya darasa letu la mwisho shule ya msingi, tumeshika kibao kilichoandikwa mwaka kwa chaki. Nilificha kikombe walichonipa wenzangu kazini, cheupe, kimeandikwa kwa herufi nyekundu *Hongera kwa Miaka 40*. Nilificha rangi ya nywele na dawa ya kupaka magoti. Na kubwa kuliko yote, nilificha miwani yangu ya kusomea.

Sasa mtunza stoo ni mtunza stoo. Hakuna kitu kinachotoka rafuni kwangu bila kuandikwa. Nikaandika orodha, vitu kumi, kila kimoja na mahali nilipokificha, kwa herufi kubwa ili niisome bila miwani. Nikaibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni tunaloweka pasi na dawa ya viatu, kama tunavyobandika kazini. Ndiyo, najua. Usinicheke. Mkono wa miaka kumi na tano ulinitangulia kabla akili haijaamka.

Kwa hiyo asubuhi ile ya tarehe mbili tulianza kazi. Yeye alikunja magodoro, mimi nikavua mashuka na foronya. Yeye alitoa mti nje, mimi nikakwangua nta mezani kwa kisu butu.

"Usikwangue," akasema. "Utachubua vanishi. Weka karatasi juu, upitishe pasi, nta itanyonywa."

"Meza yako, nta ya dada yako. Pitisha mwenyewe."

Akachukua fagio, akaanza kufagia kutoka mlangoni kuja ndani, yaani anaturudishia uchafu. Nikamwachia. Baada ya muda akasimama, amejiegemeza kwenye mpini.

"Siku hizi tisa," akasema, "hazikuwa mbaya zote."

Na ilikuwa kweli, nisikudanganye. Siku tisa tulilala kitanda kimoja kwa sababu ya wageni. Mwanzo kila mtu na ukingo wake, katikati pangepita mkokoteni. Usiku wa nne niliamka nikakuta mkono wake umenishika kifundo cha mkono, amelala fofofo, hajui. Sikuuondoa. Nililala chali mpaka kukapambazuka.

"Hazikuwa mbaya," nikasema, "kwa mtu aliyekuwa anaona. Mimi nilikuwa kipofu."

"Najua."

"Hujui. Unaikumbuka sindano?"

Akafumba macho. Siku ya tatu Mwalimu alinipa sindano na uzi mbele ya watu wote. "Mkwe wangu, wewe ndiye mwenye macho ya ujana hapa, nitungie." Nikaisogeza sindano, nikaiondoa, nikaisogeza. Tundu sikulijua liko upande gani. Fundi akainyakua mkononi mwangu akijifanya anatania, akautunga yeye. Kesho yake Mwalimu akaniletea boksi la vidonge vyake. "Nisomee, ni vingapi kwa siku?" Nikakodoa macho kwenye yale maandishi ya mchwa, nikajibu kwa sauti tamu, "Kama alivyokuambia daktari, mama." Mawifi wakacheka. Mwalimu hakucheka. Aliniangalia kwa muda mrefu, kisha akavaa miwani yake mwenyewe akasoma.

"Ulisema utapata nafasi," nikamwambia Fundi. "Siku tisa. Mlienda kununua mkate pamoja. Ulimsindikiza kanisani. Ulikaa naye uani jioni tatu mfululizo mnamenya karanga. Nafasi gani ulikuwa unaitafuta, ya kumwambia kaburini?"

"Nilijaribu."

"Ulijaribuje?"

"Nilifungua mdomo."

"Halafu?"

"Halafu akaniambia kola yangu imekaa upande."

Ningeweza kucheka. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Badala yake nikajifuta mikono kwenye kanga, nikasema, "Twende kwenye orodha. Tumalize."

Miwani ilikuwa ya kwanza. Nikaitoa kwenye mfuko wa ndani wa begi langu la kazini, nikaivaa, na dunia ikarudi mahali pake. Niliona vumbi. Niliona alama za vidole vya watoto kwenye swichi. Nikamwona na mume wangu pia, karibu, kwa mara ya kwanza tangu wageni waingie. Alikuwa amekonda. Alikuwa na mvi moja kwenye kidevu, na chini ya macho palikuwa pameingia ndani. Nikageuka haraka, kwa sababu nilitaka kumgusa pale.

Nikaenda jikoni, nikafungua kabati.

Ile orodha kila siku nilikuwa nafungua naichungulia, kuhakikisha ipo. Kila siku nilikuwa naona herufi zangu kubwa nyeusi na ukungu mwingine mwekundu mwekundu pembeni, nikadhani ni dawa ya viatu imedondokea. Sasa nilikuwa na miwani.

Haikuwa dawa ya viatu.

Pembeni ya namba moja, *Miwani, begi la kazini*, kulikuwa na tiki ndogo nyekundu, safi. Pembeni ya namba mbili, *Cheti, chini ya godoro letu*, tiki. Picha ya darasa, nyuma ya kabati la nguo, tiki. Kikombe, ndani ya sufuria kubwa la juu, tiki. Rangi ya nywele, ndani ya kopo la sabuni ya unga, tiki. Tiki, tiki, tiki mpaka namba tisa. Alikuwa amekwenda mahali pote pale, akakiona kila kitu, akarudi akaweka alama.

Namba kumi haikuwa na tiki. Nilikuwa nimeandika: *Nguo zake. Zirudi chumba cha nyuma wakishaondoka.* Mwalimu alikuwa ameizungushia duara. Pembeni, kwa ule mwandiko wa ubaoni, akaandika neno moja: *Nione.* Na chini yake tarehe. Ishirini na tano Desemba.

"Fundi!" Sauti yangu sikuitambua.

Akaja mbio, nadhani alifikiri nimeungua. Akasoma. Akasoma tena akifuatisha kwa kidole. Kisha mume wangu, mwanaume anayebeba kabati la milango mitatu peke yake, akakaa sakafuni jikoni.

"Siku ya pili," akasema. "Alijua tangu siku ya pili."

"Sindano ilikuwa siku ya tatu."

"Mungu wangu."

"Vidonge siku ya nne. Kwa hiyo nilikuwa naigiza mbele ya mtu ambaye ameshasoma kila kitu. Nimeruka kamba na watoto, Fundi! Siku ya Krismasi, na magoti haya! Kwa ajili ya nani?"

"Kalamu nyekundu," akasema, hanisikii. "Bado anatembea nayo. Amestaafu miaka sita."

"Inuka umpigie."

"Anamwita nani? Hii 'nione' ni ya nani? Ni mwandiko wako. Mwalimu humwita aliyeandika."

Jamani, mwanaume!

"Fundi," nikasema polepole, kwa sababu ningesema haraka ningelia. "Nikuulize kitu kimoja. Unanionea aibu?"

Akainua kichwa. "Nini?"

"Nimekuuliza. Miezi mitatu naogopa kukuuliza. Ukiniangalia, unaona nini cha kumficha mama yako?"

Friji likanguruma likanyamaza. Kisha akasema, akiangalia viganja vyake.

"Kaka yangu alikuwa na mchumba. Unajua hilo? Kabla mimi na wewe hatujajuana. Yule mchumba alimzidi miaka mitatu, mitatu tu. Mama akamwambia mezani, mbele yetu sote, watu watadhani umeoa shangazi yako. Kaka akacheka. Tukacheka wote. Baada ya mwezi akamwacha yule dada. Mimi nilijua nisingekuacha. Hata dakika moja sikuwahi kufikiria. Kwa hiyo nikaona, akisema neno kama lile juu yako, nitakayempoteza ni mama. Nikaogopa. Nikaona bora niseme thelathini na nne, nibaki nanyi wote wawili."

"Na mimi ukaona sitapotea."

"Wewe ulikuwa ndani ya nyumba."

"Ndani ya nyumba, chini ya godoro na cheti changu." Machozi yakaja, nikayaacha. "Kila siku ya hizi tisa nilikuwa napotea, Fundi, mbele yako. Ungeniuliza, ningekubali mama yako anichukie. Ningevumilia. Lakini hili la kuishi nikiwa mtu mwingine siliwezi. Hata siku ya kumi nisingeiweza. Kama huwezi kunisema nilivyo, basi leo usipeleke nguo chumba cha nyuma. Zipeleke kwa mama yako."

Nikasema. Sikupanga kusema, lakini lilipotoka nikajua ni la kweli, na nikaona na yeye amejua. Akainuka, akachomekea shati, akapiga simu, akaweka spika, akaiweka juu ya kabati. Akasimama wima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Nyuma yake zilisikika honi na watu wanaoita wauzaji. "Basi limesimama kidogo, watu wanakula. Mmeshafagia?"

"Tunafagia. Mama, tumeona ile karatasi."

"Karatasi gani?"

Fundi akaniangalia kama anayetaka msaada. Nikakunja mikono.

"Ile ya ndani ya kabati."

"Inasemaje?"

"Mama, unajua inasemaje."

"Mimi najua. Nataka kusikia kama wewe unajua. Sema kwa sauti, darasa zima lisikie."

Akashika ukingo wa kabati kwa mikono miwili.

"Nilikudanganya, mama. Mke wangu hana thelathini na nne. Ana miaka arobaini na miwili. Nilijua tangu siku ya kwanza, alinieleza mwenyewe. Nilimwoa hivyo, na nampenda hivyo. Kumficha lilikuwa wazo langu, na lilikuwa wazo baya. Ukitaka kukasirika, unikasirikie mimi."

Huko kwao honi ikalia. Sijawahi kusikia mtu akitaja umri wangu kwa namna ile, kama anataja jina langu.

"Nimekwisha kukasirika," Mwalimu akasema. "Nimekasirika siku nane, na karanga nimemenya nikiwa nimekasirika. Jioni tatu nimekaa na wewe pale uani nikikungoja, na wewe unanieleza bei ya mbao. Kaka yako mwaka huu Krismasi hakuja, umeona? Na mwaka jana hakuja. Anakula peke yake kwa sababu ya neno langu moja nililolisema mdomo umejaa chakula. Unadhani silijui hilo? Unadhani nililala nalo vizuri? Na wewe badala ya kuja kuniambia, 'Mama, safari hii funga mdomo,' ukaenda kumpunguzia mtoto wa watu miaka."

"Nisamehe, mama."

"Si mimi. Mkwe wangu yupo?"

"Nipo, mama," nikasema.

"Umevaa miwani?"

"Nimevaa."

"Vizuri. Ile 'nione' ilikuwa yako. Sitakudanganya, sikufurahi. Nilipokiona kile kikombe nilikaa juu ya ndoo ya kufulia karibu nusu saa. Nilikuwa na mkwe mwingine kichwani, mdogo. Hilo ni langu, nitalimaliza mwenyewe. Lakini nilikungoja. Nilikupa sindano. Nikakupa vidonge. Nilikuwa nakufungulia mlango."

"Nilidhani unanitega, mama."

"Nilikuwa nakutega pia," akasema bila haya. "Sasa sikiliza. Yeye ni mwoga, nimemzaa, namjua. Wewe si mwoga. Mwanamke mwenye mwandiko kama ule hawezi kuwa mwoga. Ulikubalije? Hilo ndilo nililotaka kukuuliza. Ulikubalije kukaa siku tisa huoni hata chakula kwenye sahani yako?"

Fundi alikuwa ananiangalia.

"Sina jibu, mama."

"Basi ukilipata uje uniambie. Wewe mwenyewe, bila huyo. Basi linapiga honi." Na akakata, bila kwaheri, kama kengele imelia.

Tukabaki jikoni tumesimama. Nje kuku wa jirani walikuwa wanaparua mti wetu wa Krismasi.

"Unaenda?" Fundi akauliza.

"Nitaenda."

"Na mimi?"

Nikaanza kurudisha vitu. Yeye akaleta nyundo, akapigilia tena msumari wa cheti changu, akapima kwa jicho, akakinyoosha, akarudi nyuma kukiangalia. Kisha akapangusa kioo chake kwa mkono wa shati, pale kwenye mwaka. Picha ya darasa ikarudi juu ya redio. Kikombe cha arobaini nikakiosha nikakiweka mbele, mbele ya vyote. Tulifanya kazi mpaka mchana ukageuka, na hatukuongea zaidi ya "shika hapo" na "sogeza." Nyumba ikawa safi. Ilibaki namba kumi.

Nguo zake zilikuwa kitandani kwangu, zimekunjwa. Alisimama mlangoni. Halafu, sijui ni mchezo au ni mazoea ya utotoni, akainua mkono juu kama mwanafunzi.

"Nini?"

"Naomba kuuliza."

"Uliza."

"Nimesema kwa mama. Ulisema nikisema nirudi." Sauti ilikuwa ya chini. "Nirudi?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nakuapia, mwili wangu mzima ulishasema. Nilikuwa naona ile mvi moja kidevuni na nilijua ningeishi miaka yangu yote, ya kweli na ya kupunguzwa, nikiitazama. Lakini nililisikia lile swali la mama yake, ulikubalije, na nikajua kwamba nikikubali haraka tena, nitakuwa nimejificha tena, safari hii kwa mkono wangu.

"Umesema kwenye simu," nikasema. "Umesema kwa sababu umekamatwa. Tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu natimiza arobaini na mitatu. Tangu tuoane hatujawahi kusherehekea, na leo ndiyo naelewa kwa nini. Siku hiyo utamwita mama yako. Utawaita dada zako. Na kaka yako utamfuata mwenyewe, aje. Utawasha mishumaa arobaini na mitatu mbele yao wote, mmoja mmoja, na utaihesabu kwa sauti. Hakuna kuruka hata mmoja. Ukimaliza, nguo zako zitarudi humu."

"Mwezi wa tatu?" Macho yakamtoka. "Hiyo ni miezi miwili na zaidi. Miezi miwili kitanda kile kidogo, mke wangu, miguu yangu inaning'inia!"

"Wewe umeniondolea miaka minane. Miezi miwili ni nini?"

Akakubali kwa kichwa, polepole. Akaja mpaka kitandani, akazibeba nguo zake kwa mikono miwili, akapita karibu yangu kiasi kwamba nilisikia harufu ya mbao shingoni mwake. Alisimama kidogo pale, nami sikusogea wala yeye hakunigusa. Kisha akaenda. Nikasikia mlango wa chumba cha nyuma ukifunguliwa, na kitanda kidogo kikilia. Halafu nikamsikia anaanza kuhesabu, kwa sauti, taratibu, kama mtu anayejifunza. Moja. Mbili. Tatu.

Nikaenda jikoni, nikafungua kabati, nikachukua kalamu, nikaweka tiki kwenye namba kumi. Ukiiangalia utaona imepinda. Alikuwa amefika thelathini na nne, akasita pale, na kalamu yangu ikasimama katikati ya tiki mpaka nilipomsikia amesema thelathini na tano.